Sakafu Hii Ni ya Nani?

Neno tutakalo kuliangalia mwezi huu laweza kuonekana dogo, wala si rahisi kulisikia likihubiriwa siku ya Jumapili. Ni neno la nyumba ya kupanga. Lakini tumeona ya kwamba moyo wa mtu hujulikana upesi zaidi penye kodi na bati kuliko penye maneno mazuri ya sala, na kwa hiyo hatuoni haya kuliandika.

Katika usharika mmoja wa mjini walikuja mbele ya wazee watu wawili, wote washiriki wa meza moja ya Bwana, nasi tulikuwapo. Wa kwanza ni mzee mwenye nyumba ya vyumba sita, iliyojengwa kwa namna ijulikanayo mijini mwetu pote: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hata uani, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na nyuma ua wenye jiko na choo. Wa pili ni mjane mshonaji, apangaye vyumba viwili katika nyumba hiyo pamoja na watoto wake watatu. Alipoingia aliikuta sakafu imebomoka, simenti imegeuka mavumbi, na wakati wa masika maji hupita chini ya mlango. Mtoto wake mdogo alikuwa na ugonjwa wa kifua. Basi mjane akaweka akiba kidogo kidogo kwa cherehani yake, akamwita fundi, akanunua simenti na mchanga, akafanya sakafu mpya, akainua kizingiti, akachimba na mfereji mdogo uani wa kuyaondoa maji. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alitazama, akafurahi, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki." Mjane akajibu, "Amina, Baba." Hawakusema zaidi.

Mwaka ulipokwisha, mzee akapandisha kodi. Alisema ya kwamba vyumba vile sasa ni vizuri, tena mtu mwingine amekwisha kuja kuviulizia, naye yu tayari kulipa zaidi. Hapo ndipo mjane aliposema neno lililowafikisha mbele ya wazee. Alisema, "Baba, kodi hii wanidai kwa ajili ya sakafu yangu mwenyewe. Kama ndivyo, nitamwita fundi yule yule aivunje, nami nitaondoka na kifusi changu."

Baadhi ya wazee walicheka kusikia habari za kuondoka na kifusi. Kisha wakanyamaza, maana waliona ya kuwa wameulizwa swali ambalo hawana jibu lake tayari.

Mzee naye alikuwa na maneno yake, na haifai kuyapita. Alisema, "Mimi sikumwagiza. Angaliniuliza, ningalimwambia ya kwamba nataka kuvibomoa vyumba vile viwili na kuvijenga upya, watoto wangu watakapoweza kunisaidia. Sasa nimefungwa na sakafu nisiyoiomba. Tena yeye ameikanyaga mwaka mzima, na watoto wake wamelala pakavu. Je, hiyo si faida yake?" Twamjua mzee huyu. Hana pensheni, wala hana shamba. Kodi ya vyumba ndiyo unga wake na dawa zake. Watu wengi wakisikia neno "mwenye nyumba" humwona moyoni mtu mnene mwenye funguo nyingi. Mijini mwetu mwenye nyumba mara nyingi ni mzee alalaye katika chumba kimoja cha nyumba ile ile, akingoja mwisho wa mwezi kama wapangaji wake wanavyouogopa.

Basi sakafu ni ya nani? Watu wa sheria wana jibu la zamani sana. Warumi wa kale walisema ya kwamba kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi, hata kama kimejengwa kwa mali ya mtu mwingine. Na sheria za nchi nyingi zimelirithi neno hilo. Kwa jibu hili sakafu ni ya mzee tangu saa ile simenti ilipokauka. Lakini sisi wa Afrika Mashariki twajua ya kuwa jibu hilo si la pekee. Pwani mtu aweza kuwa na minazi yake katika kiwanja cha mtu mwingine, mti ukiwa wa huyu na udongo wa yule. Mombasa iko hata leo desturi iitwayo nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa. Na barani mahali pengi mtu akiazimwa shamba huambiwa alime mahindi na maharage, bali asipande miti ya kudumu. Kwa nini? Kwa sababu wazee wetu walijua ya kwamba apandaye mti apanda na madai. Mizizi ikishuka, na haki hushuka pamoja nayo. Hofu ya mzee wetu juu ya sakafu ile ni hofu hiyo hiyo, wala si ya kuchekwa.

Lakini twafikiri wazee wa baraza walianza kuona nuru pale mmoja wao aliposema ya kuwa swali limeulizwa vibaya. Kuwa mali ya nani ni neno moja. Kuwa deni la nani ni neno la pili. Sakafu yaweza kuwa ya mzee kabisa, hata mjane asiwe na ruhusa ya kuivunja, na bado mzee akawa na deni. Nguo ikishonwa kwa kitambaa changu ni nguo yangu, lakini mshonaji ana haki ya ujira wake. Mjane, aliye mshonaji, alilielewa neno hilo mara moja, akaacha kusema habari za kifusi.

Hapo Katekisimo hutusaidia, kama tukiisoma mpaka mwisho wa maelezo yake. Wengi wetu tulijifunza Amri ya Saba tukiwa watoto, tukafahamu ya kwamba tusichukue kitu cha mtu. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukoma hapo. Alipokwisha kukataza wizi na hila katika biashara, alituagiza pia kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake viongezeke na kulindwa. Angalieni, hakusema mali yetu, alisema ya jirani. Basi mjane yule, pasipo kukusudia, alifanya hasa lile liagizwalo: aliikuta mali ya jirani yake imeharibika, akaifanya kuwa njema. Na amri hiyo hiyo yamgeukia mzee: riziki ya jirani yake, yaani akiba ya cherehani, ailinde.

Mtu mmoja katika baraza alisema, "Kama ni wajibu wa Kikristo kuitengeneza mali ya jirani, basi na aitoe sakafu iwe sadaka ya upendo, yaishe." Neno hilo lina sauti ya utauwa, lakini twaliogopa. Upendo waweza kutoa. Lakini hakuna awezaye kudai zawadi ya upendo kutoka katika mfuko wa mwenziwe. Zawadi hutoka katika mkono wa mtoaji. Ikivutwa na mkono wa mpokeaji, imekwisha kuwa kitu kingine, hata kama ikiitwa kwa jina lile lile. Tena mzee hakupokea tu. Angalipokea na kushukuru, na kodi ikabaki ilivyokuwa, huenda lisingekuwako neno. Yeye alikipokea kitu, kisha akamwuzia aliyempa.

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea nyumba kubwa yenye madirisha mapana, akaifunika kwa mierezi na kuipaka rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu pasipo ujira. Hatusemi ya kuwa mzee wetu ni Yehoyakimu. Vyumba vyake havina mierezi. Lakini jambo lenyewe ni moja: nyumba imekuwa njema kwa kazi ya mwingine, na mwenye kazi hakupata kitu. Tofauti ni kwamba mfalme aliwalazimisha watu wake, na huyu alinyamaza tu mpaka kazi ikaisha. Kunyamaza nako kwaweza kuwa njia ya kuchukua.

Jambo hili si la mji wetu peke yake, wala si la leo. Katika Ayalandi, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Uingereza, wapangaji wengi wa mashamba katika karne ya 19 walijijengea nyumba zao wenyewe, wakaondoa mawe mashambani na kuchimba mifereji, wala hawakuwa na hakika ya kukaa zaidi ya mwaka. Shamba likiisha kupendeza, mwenye ardhi aliweza kuongeza kodi kwa sababu ya uzuri ule ule alioufanya mpangaji. Na asiyeweza kuilipa alitolewa. Watu wakajifunza ya kuwa mwenye hekima ni yule aiachaye nyumba yake ionekane mbovu. Mwaka 1870 ikatungwa sheria ya kumlipa mpangaji aondokapo kwa ajili ya matengenezo yake, na sheria ya mwaka 1881 ikaongeza ya kwamba kodi isitozwe juu ya kile alichokitengeneza mpangaji mwenyewe. Ni neno lile lile la mjane wetu, limeandikwa na Bunge! Kweli mwaka uliofuata mahakama iliipunguza nguvu sheria hiyo, lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Na karibu na kwetu, katika Ng'ambo ya Unguja, watu walijenga vibanda vyao juu ya viwanja vya wengine, wakitoa kodi ya kiwanja; kodi zilipozidi, mwaka 1928 wengi walikataa kuzilipa, ikawa fitina kubwa mjini.

Twasema haya kwa sababu dhuluma ya namna hii haimwumizi mpangaji peke yake. Nyumba nayo huumia. Tembeeni katika mitaa yetu mtazame: bati limetoboka, na chini yake limewekwa sufuria. Mwulizeni mpangaji kwa nini hazibi tundu, atasema, "Si kwangu hapa." Mwulizeni mwenye nyumba, atasema, "Mimi silali humo." Tundu laweza kuzibwa kwa kipande cha lami na saa moja ya kazi, lakini kila mmoja amngoja mwenziwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twaambiwa. Bali hakuna aliyeambiwa ni nani katika hawa wawili azibaye ufa. Boriti huoza, na mtoto wa mtu hulala katika unyevu. Kati ya watu wawili ambao kila mmoja alinda haki yake, nyumba yaanguka.

Basi yafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutengeneza kilichoharibika si sawa na kuongeza kisichokuwako. Mtu apangaye nyumba hanunui kuta tu. Anunua kukaa pakavu na salama. Paa likivuja, mwenye nyumba anapokea kodi ya kitu asichokitoa. Kwa hiyo paa, kuta kubwa, na mifereji mikubwa ni mzigo wake. Ndivyo hata Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 isemavyo juu ya nyumba iliyopangishwa sehemu sehemu, isipokuwa kama wenyewe wamepatana vingine. Na katika Torati, Mambo ya Walawi sura ya 14, pana habari za nyumba iliyoshikwa na pigo kutani. Mwenye nyumba ndiye aendaye kwa kuhani na kumwambia ya kwamba ameona kitu nyumbani. Mawe mabovu yatolewa na kutupwa nje ya mji, na mengine yawekwa mahali pake, na lipu mpya. Hangoji mpaka mwingine alalamike. Lakini mpangaji aliyevunja kioo cha dirisha kwa ulevi wake, au mtoto wake aliyeng'oa kitasa, huyo na alipe mwenyewe. Hapo hapana shauri.

Kuongeza ndiko kwenye mashaka. Dari mahali palipokuwa na bati tupu, maji ya bomba uani, umeme, wavu wa mbu madirishani, sakafu nzuri mahali pa udongo: vitu hivi vyamfaa akaaye leo, navyo vitamfaa mwenye nyumba atakapokuwa ameondoka. Faida ni ya wawili. Basi gharama nayo ni ya wawili, kila mtu kwa kadiri ya miaka atakayoifaidi. Twaona hii ndiyo haki, wala hatukuona nyingine iliyo bora. Lakini ina sharti moja: awe amekubali. Mpangaji apendaye kupaka chumba rangi ya waridi na kuchora ndege ukutani, na afanye kama ameruhusiwa, lakini asilete karatasi ya dukani kwa mwenye nyumba. Hawezi kumtia mtu deni kwa kitu ambacho yeye hakukitaka. Kwa hiyo mjane wetu naye alikosa, na wazee walimwambia wazi. Alipaswa kusema, "Baba, nataka kuitengeneza sakafu, wasemaje?" kabla ya kumwita fundi. Alijibu kwamba aliogopa kukatazwa, na mtoto alikuwa akikohoa. Hatukuwa na neno la kumjibu juu ya hilo.

Wako pia wapangaji wenye hila, na gazeti hili halisomwi na wenye nyumba peke yao. Yuko ambaye hajalipa kodi miezi minne, naye akidaiwa husema, "Lakini niliweka kitasa." Yuko ajengaye banda uani bila ruhusa, ili siku ya kutolewa awe na la kudai. Yuko aondokaye usiku na taa, na soketi, na hata mlango wa choo. Amri ya Tisa yatukataza kuitamani nyumba ya jirani, na Luther katika maelezo yake aliwaona hasa wale wanaotafuta nyumba ya mtu kwa hila, huku wakijifunika kwa sura ya haki. Mwenye nyumba aweza kumtendea hivyo mpangaji, na mpangaji aweza kumtendea hivyo mwenye nyumba. Hila haiulizi nani ana funguo.

Hapa tuna jambo la kando, lakini lahusu. Lugha yetu hutumia neno moja, kodi, kwa ile ipasayo serikali na kwa ile ipasayo mwenye nyumba. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza kodi ya majengo kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikikatwa mtu anunuapo umeme. Sasa, anunuaye umeme mara nyingi ni nani? Ni mpangaji. Kwa hiyo pako watu wengi waliojikuta wakilipa kodi ya jengo lisilo lao, bila mtu kuwauliza, na wenye nyumba walio waaminifu waliwarudishia. Wengine walinyamaza, wakisema kiasi ni kidogo. Kiasi ni kidogo kweli. Ila hatukumbuki ya kuwa katika Amri pameandikwa kiasi.

Tena tusidhani ya kuwa serikali itatuamulia yote. Ilikuwako katika Tanzania sheria ya kuzuia kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo neno kubwa ni mapatano ya wawili wenyewe; na wawili hao hawana nguvu sawa. Mmoja aweza kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo, na mwingine ana vyombo vyake juu ya mkokoteni na jua linakuchwa. Ndiyo sababu twasisitiza habari ya karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Wakristo wengi huona haya kuandikiana, wakisema, "Sisi ni ndugu." Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mwana wa mjomba wake, alimpimia shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, kisha akaagiza hati itiwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Huyo alikuwa nabii, na mwuzaji alikuwa jamaa yake, na mji ulikuwa umezingirwa na adui. Kama yeye hakuona haya, mwenye vyumba sita aone haya kwa nini? Karatasi yenyewe haihitaji maneno mengi: kazi gani itafanywa, kwa gharama gani, nani atanunua vitu, fedha zitarudi kwa njia gani, kodi itakaa bila kupanda muda gani, na mpangaji akiondoka mapema itakuwaje. Mwalimu wa mtaa aweza kuiandika kwa nusu saa.

Turudi kwa wazee wetu. Mjane alikuwa nazo karatasi za dukani na hesabu ya fundi: jumla shilingi 240,000. Fundi mwingine aliitwa aitazame sakafu, akasema itadumu miaka minane isipopasuliwa na maji. Basi wazee waligawanya: kila mwaka ni shilingi 30,000. Mjane amekwisha kuikanyaga mwaka mmoja, naye ataka kukaa miaka miwili zaidi. Hiyo ni miaka mitatu, shilingi 90,000, ni yake mwenyewe. Iliyobaki, shilingi 150,000, ni ya mzee, maana miaka mitano iliyobaki ataifaidi yeye. Mzee alikubali kuacha habari ya kubomoa kwa miaka hiyo miwili. Nayo fedha itoke wapi? Ikakatwe katika kodi, shilingi 6,250 kila mwezi, kwa miezi 24. Na kodi? Kodi isipande miaka hiyo miwili, kwa sababu mtu hawezi kuitoza sakafu asiyokwisha kuilipa. Akiisha kuilipa, ni yake kweli kweli, na wapatane upya.

Mzee alihesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shilingi elfu sita na zaidi kila mwezi, hiyo ndiyo dawa yangu ya presha." Hakuna aliyesema. Wazee hawakuwa na la kupunguza, kwa kuwa hesabu ilikuwa ya haki. Ndipo mjane akasema, "Baba, toa elfu tano tu. Hizo nyingine basi." Miezi 24 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 120,000, aliachilia shilingi 30,000, naye ni mtu ambaye kwake fedha hizo ni nguo nyingi za kushona. Yule aliyesema hapo kwanza ya kuwa sakafu iwe sadaka alitazama chini. Sadaka ilikuwa imetolewa kweli, lakini baada ya haki kukubaliwa, na kwa mkono wa mwenyewe. Mzee akasimama, akampa mkono, akamwita mama, si mwanangu. Karatasi ikaandikwa, ikatiwa sahihi za mashahidi wawili.

Tungeweza kuweka kalamu chini hapa, tukajisifu kwa hukumu njema. Lakini mtunza hazina wa usharika alikuwa amekaa kimya siku ile yote, na watu walipokwisha kuondoka akawaomba wazee wabaki. Akawakumbusha ya kwamba usharika nao una nyumba ya kupangisha, ile ya kando ya barabara, ambayo kodi yake husaidia mishahara. Sisi sote twapenda kusoma ya kuwa nchi ni ya Bwana na kwamba sisi kwake ni wageni na wapangaji, kama asemavyo katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Twapenda pia kukumbuka ya kwamba Paulo alikaa Rumi miaka miwili mizima katika nyumba ya kupanga, akiwapokea wote waliomjia. Si mara nyingi twakumbuka ya kuwa Kanisa nalo laweza kuwa mwenye nyumba.

Kitabu cha kumbukumbu za baraza kikaletwa, kikafunguliwa. Miaka mitatu nyuma mwalimu mmoja wa shule, aliyekuwa mpangaji katika nyumba ile, aliweka dari na nondo za madirisha kwa fedha zake. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri ya kuwa wazee wanamshukuru sana kwa moyo wake wa kuipenda nyumba ya Bwana. Katika ukurasa huo huo, mistari michache chini, imeandikwa ya kwamba kwa kuwa nyumba sasa iko katika hali njema, kodi yake itaongezwa tangu mwezi wa Januari. Chini ya maneno hayo ziko sahihi, na watatu katika hao walikuwa wamekaa mezani siku ile wakimpigia mzee hesabu ya sakafu.

Mwalimu alikwisha kuhama. Wengine wasema amepelekwa shule ya wilaya nyingine, na jirani mmoja alikuwa na jina la kijiji. Bei ya mbao za dari imeulizwa kwa fundi aliyezipigilia. Barua imepelekwa kwa mkono wa mwinjilisti aliyekuwa akienda upande huo, na majibu bado hayajafika.